Matokeo ya Udiwani: Safari ya Kura Kutoka Kituoni hadi Baraza la Madiwani

Matokeo ya uchaguzi yakishabandikwa na kutangazwa, wengi wetu hurudi katika mibuni na mashimo yetu ya ngoro tukiamini kuwa kazi imekwisha. Kwa upande wa huduma, hata hivyo, siku ya matokeo ndiyo mwanzo wa kazi ya miaka mitano. Makala haya yanaeleza jinsi matokeo ya udiwani yanavyopatikana, namna yanavyounda Baraza la Madiwani, na nini mkazi wa Kata ya Maguu anaweza kudai kutokana nayo.

Chaguzi mbili, viongozi tofauti

Wananchi wengi huchanganya chaguzi mbili. Tarehe 27 Novemba 2024 ulifanyika Uchaguzi wa Serikali za Mitaa chini ya usimamizi wa Ofisi ya Rais – TAMISEMI. Katika vijiji, uchaguzi huo huwapata Mwenyekiti wa Kijiji, Wenyeviti wa Vitongoji na wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji. Diwani hapatikani katika uchaguzi huo. Yeye huchaguliwa siku moja na Rais na Mbunge, kama ilivyokuwa tarehe 29 Oktoba 2025, chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi.

Mtendaji wa Kata na Mtendaji wa Kijiji hawachaguliwi kwa kura. Hao ni watumishi walioajiriwa, na mabadiliko ya viongozi hayawaondoi ofisini.

Kura huhesabiwa wapi?

Kura za udiwani huhesabiwa kituoni, mara baada ya upigaji kura kufungwa, mbele ya mawakala wa vyama. Matokeo huandikwa katika fomu, mawakala hupewa nakala, na nakala nyingine hubandikwa kituoni ili kila mwananchi aisome. Kisha Msimamizi Msaidizi wa Uchaguzi ngazi ya Kata hujumlisha matokeo ya vituo vyote vya kata na kumtangaza mshindi. Mwananchi aliyesoma karatasi zilizobandikwa anaweza kufanya hesabu hiyo mwenyewe, na ndiyo sababu zinabandikwa. Asiyeridhika na matokeo ya udiwani ana haki ya kwenda mahakamani katika muda uliowekwa na sheria.

Mshindi ni mgombea aliyepata kura halali nyingi kuliko wenzake, hata kama hazikufika nusu ya kura zote. Kata moja hupata diwani mmoja.

Si kila nchi hufuata utaratibu huo. Uskoti, nchi alikozaliwa David Livingstone aliyefika Ziwa Nyasa mwaka 1859, ilifuta halmashauri zake za wilaya mwaka 1996 na kuunda halmashauri 32 zenye ngazi moja. Tangu mwaka 2007 kata nyingi za huko huchagua madiwani watatu au wanne kwa pamoja, na mpiga kura huwapanga wagombea kwa namba: 1 kwa anayempenda zaidi, 2 kwa anayefuata. Katika uchaguzi wa Mei 2022, chama kilichoongoza, SNP, kilipata madiwani 453 kati ya 1,226, na katika halmashauri nyingi hakuna chama kilichopata wingi wa viti peke yake. Vyama vikalazimika kuelewana ili halmashauri iongozwe. Kwetu, kata nzima humtegemea mtu mmoja. Kwa hiyo diwani wa Maguu ni wa waliompa kura, wa waliomnyima na wa wale ambao hawakupiga kura kabisa. Mwananchi asione haya kufika kwake kwa sababu alimuunga mkono mwingine.

Kutoka matokeo hadi Baraza

Historia yetu inaonyesha kwamba halmashauri si kitu cha kudumu chenyewe. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa kwa mpango wa Madaraka Mikoani. Zilirejeshwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi upya mwaka 1984. Katika miaka hiyo kumi na ushee, wilaya ziliendeshwa bila halmashauri hizo.

Leo Baraza huundwa na madiwani wa kata, wabunge wa majimbo yaliyomo katika halmashauri, na madiwani wanawake wa viti maalumu, ambao hugawanywa kwa vyama kulingana na matokeo. Katika mkutano wao wa kwanza madiwani humchagua Mwenyekiti wa Halmashauri kutoka miongoni mwao. Baraza hukutana kila baada ya miezi mitatu, na mikutano yake ya kawaida iko wazi kwa wananchi kusikiliza.

Diwani ana mamlaka gani?

Wapo wanaompima diwani kwa michango yake misibani na harusini. Michango hiyo ni ya hiari na hutoka mfukoni mwake. Tofauti na Mbunge, ambaye jimbo lake lina Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, diwani hana mfuko wa miradi wa kata. Nguvu yake imo katika kura anayopiga barazani, hasa wakati wa kupitisha bajeti kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai.

Chukua mfano wa kahawa. Sheria inaruhusu halmashauri kumtoza mnunuzi ushuru wa asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Kahawa ya shilingi 1,000,000 huleta shilingi 30,000. Fedha hiyo huingia katika mapato ya ndani, ambayo asilimia 10 yake hutengwa kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Kiasi kinachobaki kitajenga darasa wapi, kitamalizia zahanati ipi, ni uamuzi wa madiwani.

Yapo pia mambo yaliyo nje ya mkono wa Baraza. Tangu mwaka 2017 barabara za vijijini ziko chini ya TARURA, na tangu mwaka 2019 maji vijijini yako chini ya RUWASA. Diwani anaweza kuwahoji wataalamu wa taasisi hizo na kufikisha kero, lakini hawezi kuagiza greda lije kesho.

Wajibu wa mkazi

Kwanza, hudhuria Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake, na ndipo mapato na matumizi ya kijiji husomwa. Hoja isiyotajwa huko haiandikwi katika muhtasari.

Pili, fuatilia Kamati ya Maendeleo ya Kata. Diwani ndiye mwenyekiti, Mtendaji wa Kata ni katibu, na Wenyeviti wa Vijiji ni wajumbe. Vipaumbele vya vijiji hupita hapo kabla ya kufika wilayani.

Tatu, baada ya kila Baraza, muulize diwani wako swali moja: hoja yetu ilijibiwaje? Sheria inasema diwani anayekosa mikutano mitatu ya kawaida mfululizo bila ruhusa hupoteza kiti chake. Iwapo mahudhurio ya diwani ni jambo la kisheria, basi kuyaulizia si utovu wa adabu.

Mkulima wa Umatengo anajua kuwa ngoro moja haizuii mmomonyoko. Mlima husimama kwa sababu mashimo ni mengi na hutunzwa kila msimu. Kura yetu ilikuwa shimo la kwanza. Mkutano ujao wa kijiji ni la pili.