Jeki ni ya Kuinulia Gari, si ya Kulishikilia

Barabara itokayo Bujumbura kwenda Bugarama huanza karibu na ufuko wa Ziwa Tanganyika, penye kimo cha mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, ikapanda hadi zaidi ya mita 2,000, na safari yote hiyo haifiki kilomita 40. Kona zake zafuatana. Malori yaliyosheheni hupanda kwa kujikokota, na nyuma yake vijana wa baiskeli wameng'ang'ania bodi ili wavutwe. Wenzao huteremka mbio wakiwa na mikungu ya ndizi. Mahali kama hapo ndipo familia iliyokwenda Bugarama kununua mboga huweza kuona ghafla gari likivuta upande mmoja na usukani ukiwa mzito. Tairi limeisha upepo.

Madereva wengi husimama papo hapo, kwa kulihurumia tairi. Huruma hiyo haina mahali pake. Tairi lililotobolewa huzibwa, na likiharibika kabisa hununuliwa jingine. Lakini gari lililoinuliwa kwenye mteremko au penye kona halina dhamana. Ni heri dereva aende polepole, taa za tahadhari zikiwaka, hata mita mia kadhaa, mpaka apate sehemu iliyonyooka, tambarare na ngumu, kisha atoke barabarani kabisa.

Abiria wote washuke, na washuke kwa upande salama. Nchini Burundi magari hupita mkono wa kulia, lakini mengi yaliyoagizwa kutoka Japani yana usukani kuliani. Gari la namna hiyo likisimama ukingoni, dereva hushukia majanini, bali mama aliyekaa kushoto, pengine na mtoto mapajani, hufungua mlango juu ya barabara yenyewe. Katika Uganda na Tanzania magari hupita kushoto, na huko ni dereva anayeshukia penye hatari. Watoto wapelekwe mbali na gari, wala wasiachwe kulizunguka kutazama kazi. Pembetatu ya kuonya iwekwe nyuma, si chini ya hatua 50, na kama kuna kona, iwekwe kabla ya kona. Asiye na pembetatu hukata matawi ya miti na kuyapanga njiani. Desturi hiyo yaeleweka kote Afrika Mashariki.

Sasa lifuate jambo ambalo wengi hulipuuza kwa kuwa wamekwisha kuvuta breki ya mkono. Katika magari mengi madogo, breki hiyo hushika magurudumu ya nyuma tu. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa, gari hubaki limeshikwa na lile la pili peke yake. Gia nayo haiaminiki. Injini hushika magurudumu kwa njia ya difu, na kazi ya difu ni kuliruhusu gurudumu moja lizunguke kuliko mwenzake. Kwa hiyo gurudumu moja linaloendeshwa na injini likiwa hewani, hilo huzunguka bure na lililo chini halizuiwi tena na gia. Gari lililoonekana kutulia likiwa na magurudumu manne chini laweza kusogea mara tu moja linapoinuka. Dawa yake ni kabari: mawe mawili makubwa au vipande vya gogo, kimoja mbele na kimoja nyuma ya gurudumu lililo pembe ya kinyume na lile bovu. Breki na gia zitumike vilevile, lakini kabari ndiyo mlinzi.

Jeki inayokuja na gari dogo aghalabu ni ile yenye mikono inayokunjana kama mkasi, na skrubu katikati. Gari la kawaida huwa na uzito wa kilo elfu moja na zaidi, na pembe moja ikiinuliwa, jeki hiyo hubeba labda kilo 300. Kwa kuinua wima, nguvu yake yatosha. Lakini kwa upande ni dhaifu mno: kitako chake ni kidogo kuliko sahani ya chakula, na gari likisogea sentimita chache tu, jeki hulala. Jeki ya mafuta ni imara zaidi, ila mipira yake ya ndani ikichakaa hushuka yenyewe bila kelele. Ndiyo sababu hakuna fundi mwenye busara aingiaye chini ya gari lililo juu ya jeki peke yake, wala apitishaye mguu au mkono chini yake, hata kwa kuokota nati.

Kabla ya kuinua, gurudumu la akiba litolewe na kubonyezwa. Jambo la kusikitisha ni kwamba mara nyingi nalo huwa halina upepo, kwa kuwa limelala ndani ya buti miaka miwili bila kuangaliwa. Kisha nati zilegezwe nusu mzunguko hivi, gurudumu lingali chini. Anayezilegeza gari likiwa juu hulazimika kuvuta kwa nguvu na kulitikisa. Nati hulegea kwa kuzungushwa kinyume cha mishale ya saa. Malori mengi ya zamani ya Kijapani, hata hivyo, yana nati za upande wa kushoto zinazolegea kwa kuzungushwa kinyume cha desturi, na utingo asiyejua huweza kukata bolti.

Jeki iwekwe mahali palipotengenezwa kwa ajili yake, yaani kwenye ukingo wa chuma chini ya milango, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele au mbele kidogo ya lile la nyuma. Mara nyingi pana alama ya vijino viwili. Chini ya sakafu au chini ya tangi la oili si mahali pake. Penye udongo laini, hasa baada ya mvua, jeki hudidimia. Kipande cha ubao mnene, chenye upana wa sentimita 30, chafaa kukaa ndani ya buti daima.

Gari likianza kuinuka, mtu asimame kidogo atazame kama jeki i wima. Ikiwa imeinama, ateremshe aanze upya. Na kabla ya kufungua nati zote, gurudumu la akiba lilazwe chini ya ukingo wa gari, karibu na jeki. Jeki ikianguka, gari litaangukia gurudumu, si mtu. Baada ya kulivua lile bovu, ndilo litakalolazwa pale badala ya jema.

Ncha ya nati iliyochongoka huelekea ndani. Zikazwe kwa kuruka, moja kisha ile inayoikabili, ili gurudumu likae sawasawa. Ziguswe kwa wepesi gari likiwa juu, kisha zikazwe barabara likiwa limeshuka. Kwa gari dogo, kuisukuma spana yenye urefu wa sentimita 30 kwa uzito wa kilo 35 hivi kwatosha. Mtu mzima anayepanda juu ya spana kwa miguu miwili huongeza nguvu hiyo maradufu, na huivuta bolti mpaka ikadhoofika. Atakayefungua safari ijayo huenda akawa mkewe, naye hataweza.

Mawe ya kabari na matawi yaondolewe kabla ya kuondoka. Jiwe lililosahauliwa katikati ya njia usiku ni mtego kwa mwenye baiskeli ateremkaye bila taa. Gurudumu la akiba likiwa ni lile jembamba la muda, mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Baada ya kilomita 50 hivi nati zikazwe tena, na lile bovu lifikishwe kwa mafundi, kama wale wa mtaa wa Buyenzi, siku hiyohiyo.