Ruta Huchaguaje Njia?

Ruta huunganisha mitandao na kupitisha pakiti za data kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Njia inazozitumia huziweka katika jedwali la njia. Njia hizo hutoka sehemu tatu: mitandao iliyounganishwa na ruta moja kwa moja, njia zilizoandikwa na msimamizi wa mtandao, na njia zinazotangazwa na ruta nyingine kwa itifaki kama RIP na OSPF.

Tuseme ruta ya Cisco imepata njia mbili za kufika 192.168.10.0/24:

RIP: kupita ruta 2
OSPF: gharama 65

Ipi itachaguliwa? Usikimbilie kujibu RIP kwa kuwa 2 ni ndogo kuliko 65. RIP huhesabu ruta za kupita. OSPF hujumlisha gharama zinazotokana na kasi ya laini. Kulinganisha namba hizo ni sawa na kulinganisha kilo na mita. Ndiyo maana ruta hutazama kwanza namba ya kuaminika ya chanzo. Katika ruta za Cisco, namba za kawaida ni hizi:

Iliyounganishwa moja kwa moja: 0
Iliyoandikwa na msimamizi: 1
EIGRP: 90
OSPF: 110
RIP: 120

Namba ndogo huaminika zaidi. Kwa hiyo njia ya OSPF ndiyo inayoingia jedwalini. Ikikatika, ile ya RIP huchukua nafasi yake.

Gharama hulinganishwa pale tu njia zote mbili zinapotoka katika itifaki ileile.

Angalizo: Kanuni hii huhusu mtandao uleule wenye maski ileile. OSPF ikileta 192.168.0.0/16 na RIP ikileta 192.168.10.0/24, zote mbili huingia jedwalini. Pakiti inayokwenda 192.168.10.5 itafuata njia ya RIP, kwa sababu /24 inalingana na biti nyingi zaidi za anwani hiyo. Hapa 110 na 120 hazihusiki.

Jipime: Ruta ina njia mbili za kufika 10.1.1.0/24: moja ya OSPF yenye gharama 10, nyingine iliyoandikwa na msimamizi. Ipi itatumika?

Jibu: Ya msimamizi, kwa kuwa namba yake ya kuaminika ni 1 na ya OSPF ni 110. Gharama 10 haihusiki. Unapojibu, taja namba zote mbili. Jibu lisilo na sababu halijakamilika.