Gari-Nyumba Lianzie Kwenye Mizani

Anayetaka kulibadilisha gari-nyumba ndani huanza na rangi, kabati na godoro. Ningemshauri aanze na mizani. Magari mengi ya aina hii barani Ulaya hujengwa juu ya Fiat Ducato, na leseni ya kawaida ya huko kwa miaka mingi imekomea kwenye gari la kilo 3,500, watu na mizigo yao wakihesabiwa humo. Lita 100 za maji ni kilo 100. Bao moja la plaiwudi ya betula la futi 8 kwa 4, lenye unene wa milimita 18, hukaribia kilo 36. Fundi akitumia kumi, kilo 360 zimekwenda na hata sufuria haijaingia. Kwa hiyo mahitaji ya mwenye gari yapimwe kwanza kwa kile anachoweza kukitoa. Wenzi wawili wenye gari la vitanda vinne wana akiba ya uzito wanayoilalia bure.

Tena uzito si jumla tu, ni mahali pia. Tuseme ekseli zimeachana mita 4, nawe umefunga betri na zana za kilo 100 mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma. Gari hugeuka wenzo, na ekseli hiyo ndiyo egemeo lake. Haibebi kilo 100, inabeba 125, kwa sababu kilo 25 zimenyanyuliwa kutoka magurudumu ya mbele. Ducato huvutwa na magurudumu hayo hayo yanayokata kona. Yakipungukiwa mzigo, hupungukiwa mshiko, na kwenye nyasi zilizolowa gari hubaki likizungusha matairi papo hapo. Madereva wa malori wa kwetu wanalielewa hili vizuri: lori huweza kuwa halali kwa uzito wa jumla, kisha likakamatwa mizani kwa kuzidisha ekseli moja.

Wapo watakaosema samani nyepesi ni dhaifu. Sikubaliani nao. Ukakamavu wa ubao hufuata mchemraba wa unene wake: unene ukiwa maradufu, ukakamavu huwa mara nane. Ndiyo maana ngozi mbili nyembamba za mbao zilizogandishwa juu ya povu gumu huweza kulishinda bao zito lisilo na uwazi ndani. Hata plaiwudi ya okume, mti mwepesi wa Gabon, hupunguza uzito wa betula kwa theluthi moja hivi. Wengine watasema injini ina nguvu ya kutosha. Injini huvuta, kusimamisha ni kazi ya breki na matairi, navyo vina kikomo chake.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Yeye anahitaji lifti, na lifti ni nzito. Hawezi kuambiwa apunguze. Hapo hesabu ndiyo inayomtetea. Lifti ikiwekwa mlango wa ubavuni, kati ya ekseli, hainyanyui mbele. Betri mbili za risasi za saa-ampea 100, zenye zaidi ya kilo 50, zikipisha moja ya lithiamu ya kilo 12 hivi, umeme unaotumika unabaki karibu ule ule, maana ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu. Kabati za juu zikiondolewa, vyombo hushuka hadi mkono wake unapofika akiwa ameketi, na kitovu cha uzito hushuka navyo.