Miji Mikubwa ya Marekani: Mfanyakazi Atazame Nini?



Hapa Kakiika, wakati wa chakula cha mchana, mazungumzo hayakosi kufika Marekani. Wengi wetu tuna ndugu au jirani aliyetoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale akapelekwa huko. Mmoja husifu Houston, mwingine huapa kwamba hakuna mji kama New York. Tena wapo wanaouza mbuzi na mabati ya nyumba kwa ajili ya safari ambayo haijathibitishwa. Kwa hiyo tumeona ni wajibu wetu kueleza jambo hili kwa kipimo cha mfanyakazi.

Mshahara na pango

Kima cha chini cha mshahara hapa Uganda kiliwekwa mwaka 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi. Bunge lilipitisha muswada wa kukibadili mwaka 2019, lakini Rais hakuutia sahihi. Si ajabu basi tukisikia habari za dola tunapata kizunguzungu.

Sheria ya Marekani nzima imeweka dola 7.25 kwa saa tangu mwaka 2009. Jimbo la Texas, uliko mji wa Houston, linafuata kiwango hicho. New York ina kiwango chake. Mwaka 2025 kilikuwa dola 16.50.

Tufanye hesabu ya saa 40 kwa wiki, kwa wiki 4. Wa New York apata dola 2,640, wa Houston dola 1,160. Lakini nyumba ya chumba kimoja cha kulala New York mara nyingi hupita dola 2,000 kwa mwezi. Houston hupatikana kwa kiasi cha dola 1,200. Basi anayelipwa kima cha chini Houston hawezi hata kumaliza pango, na wa New York hubaki na kidogo, kabla ya kodi na chakula. Waajiri wengi wa Houston hulipa zaidi ya kima hicho, lakini hawalazimishwi na sheria. Ndiyo maana ndugu zetu hupanga wawili au watatu pamoja.

Usafiri, hali ya hewa na matibabu

New York ina treni za chini ya ardhi tangu mwaka 1904, nazo hutembea usiku na mchana. Mtu wa zamu ya usiku hufika kazini bila gari. Houston imetawanyika mno. Asiye na gari hupata taabu kubwa, na gari lina mafuta na bima yake.

Chicago ina treni pia, lakini baridi yake si mchezo: tarehe 30 Januari 2019 ilifika nyuzi 30 chini ya sifuri. Houston nayo ina joto kali, na mwezi Agosti 2017 ilifunikwa na mafuriko ya tufani ya Harvey.

Kuhusu matibabu, watu wengi hupata bima kwa mwajiri. Anayefukuzwa kazi huweza kupoteza bima siku hizo hizo.

Chama

Mei Mosi tunayoadhimisha ilitokana na mgomo wa mwaka 1886 wa kudai saa 8 za kazi, na Chicago ndiyo ilikuwa kitovu chake. New York mpaka leo ina vyama vyenye nguvu. Texas ina sheria ya mwaka 1947 inayokataza mkataba wa kuwataka wafanyakazi wote wachangie chama, na vyama vyake ni dhaifu. Hata hivyo mgeni si lazima anyamaze. Mwezi Desemba 2018, wafanyakazi wa ghala la Amazon huko Shakopee, karibu na Minneapolis, wengi wao Wasomali, walitoka nje kupinga kasi ya kazi.

Kabla ya kuuza mbuzi

Kwanza, kwa kawaida mkimbizi hachagui mji. Hupangiwa, ila akiwa na jamaa huko. Pili, msaada wa mwanzo ulikuwa wa siku 90 tu, na nauli ya ndege ilikuwa mkopo wa kulipwa. Tatu, Umoja wa Mataifa hautozi fedha kwa kumpeleka mkimbizi nchi nyingine. Anayekudai fedha ni mwizi. Nne, mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na waliokuwa wakingoja safari wakakwama.

Basi mji bora ni upi? Hakuna ulio bora kwa kila mtu. Ukizungumza na ndugu aliyeko huko, usimwulize anapata kiasi gani. Mwulize anabaki na kiasi gani, anafikaje kazini, akiugua nani hulipa, na nani humtetea mbele ya mwajiri. Maswali hayo hayo tujiulize hapa Kakiika, maana hapa ndipo wengi wetu tutaishi na kufanya kazi.

Umoja ni nguvu.