Kinga, Chanjo na Watumishi wa Afya Vijijini

Watumishi wengi wa afya wanaowahudumia wananchi vijijini si madaktari. Ni wauguzi, wakunga, matabibu, maafisa afya na wahudumu wa afya wa jamii, na sehemu kubwa ya kazi yao si kutibu bali kukinga. Mwenye kutibu ana dawa mkononi, na mgonjwa humfuata mwenyewe kwa sababu ya maumivu. Mwenye kukinga humwendea mtu asiyeumwa popote, naye hana cha kumvuta isipokuwa maneno. Kwa hiyo istilahi za kinga hazina budi kupimwa mlangoni mwa mwanakijiji, wala si mezani petu tu.

Tuanze na neno kinga lenyewe. Kukinga ni kuzuia kitu kisimpate mtu, kama mwavuli unavyokinga mvua. Tena ni kutega chombo ili kupokea kitu, kama tukingavyo maji ya paa. Muktadha huzitenga maana hizo bila taabu. Taabu iko kwingine. Waganga wa jadi nao hutoa kinga, yaani hirizi, kago au zindiko, na kinga ya namna hiyo huvaliwa au hufukiwa mara moja, kisha hudhaniwa kufanya kazi yenyewe. Mtu aliyezoea maana hiyo, akiambiwa kwamba choo ni kinga ya kipindupindu, aweza kukichimba akaona yamekwisha, asikitumie. Neno hili hatuwezi kuliacha, maana limeenea na ni letu. Lakini yafaa lifuatane na kitendo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa kwa redio na kwa vikundi vya kujisomea, iliwataka wananchi wachimbe vyoo, wafyeke majani na kuondoa maji yaliyotuama. Vitenzi hivyo havihitaji kamusi.

Chanjo ina shida ya aina nyingine. Asili yake ni kuchanja, yaani kukata ngozi. Lilikuwa neno barabara wakati wa ndui, kwa sababu chanjo yake ilitiwa kwa kuchanja au kuchomachoma ngozi ya mkono. Ndui ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani mwaka 1980, neno likabaki. Siku hizi mtoto hutiwa matone ya polio mdomoni, nayo twaiita chanjo. Mzazi anayeshika maana ya asili aweza kudhani kuwa mwanawe amepewa dawa tu, na dawa, kwa mazoea ya wengi, huachwa mtu asipoumwa. Basi haja ya kurudi kwa matone yanayofuata haioni. Twapendekeza mtumishi aseme wazi chanjo ya matone na chanjo ya sindano, ili jina moja libebe njia zote mbili.

Limebaki suala la majina ya watumishi wenyewe. Kiambishi cha jinsia hatuna katika Kiswahili, hata hivyo bwana afya alihitaji bibi afya kando yake. Afisa afya limeondoa usumbufu huo. Neno msaidizi ndilo linalotutatiza zaidi. Msaidizi humsaidia mkubwa aliye karibu, na katika zahanati nyingi daktari hayupo. Kumwita msaidizi mtu anayebeba kazi yote ni kuwafundisha wanakijiji wamngoje mwingine. Mkunga, muuguzi na tabibu ni majina yatokanayo na kazi, nayo yanatosha. Wasomaji walioko zahanatini wanaombwa watuandikie majina wanayoitwa huko waliko, hata yale yasiyopendeza.