Papa, Kima na Moyo Ulioachwa Mtini: Ucheshi katika Hurafa

Mwalimu, ukifundisha hurafa za pwani hapa Machakos, pengine utaambiwa na darasa kwamba papa hawamjui. Usihangaike. Anza na mkuyu. Huo wanaujua, umeota kandokando ya mito yetu, na hata Kikamba huuita mukuyu.

Katika Kisa cha Punda wa Dobi, ngano ya Waswahili aliyoichapisha Edward Steere mwaka 1870, matawi ya mkuyu yameelekea nusu mjini, nusu baharini. Kima anakula matunda juu. Papa yuko chini, anaomba atupiwe. Urafiki unakolea, papa anamwalika kima kwao na kumbeba mgongoni. Wakiwa katikati ya maji ndipo anapomwambia: sultani wetu ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba wao wakisafiri huiacha mioyo yao mtini. Basi wanarudi kuuchukua! Kima anapanda, kimya.

Watahiniwa wengi huandika, "Papa ni mjinga," wakatia nukta. Hapo bado hujaeleza kicheko kinatoka wapi. Tazama kinaya: mwenye nia ya kuua ndiye msema kweli, naye anayewindwa ndiye mwongo. Papa anaponzwa na ukweli wake. Kisha lipime neno moyo. Kwa papa ni nyama ya kutibia. Kwa kima ni makao ya akili, maana ambayo wazee wetu waliijua vyema. Anayesadiki kuwa moyo huachwa nyumbani ndiye asiye nao.

Ndipo kima anapoingiza hadithi ndani ya hadithi. Punda wa dobi alimponyoka simba mara ya kwanza, sungura akamrairai hata akarudi, akauawa. Sungura akala moyo na masikio kwa siri. Simba alipouliza, akajibiwa kuwa punda yule hakuwa navyo. Angekuwa navyo, asingerudi.

(Kisa hiki kimesafiri. Katika Panchatantra ya Wahindi rafiki wa majini ni mamba, katika Kalila wa Dimna ya Kiarabu ni kobe. Kwetu akawa papa, na kicheko kikazidi.)

Ukitunga swali la fasihi simulizi, usiishie kwenye sifa za papa. Waulize kwa nini kima, akiwa tayari salama mtini, aliona haja ya kumsimulia habari za punda.