Likizo ya Mwanafunzi na Hazina ya Wazee

Kila likizo vijana wetu hurudi Nshamba na madaftari yao. Je, yupo aliyewaagiza wamsikilize mzee apigaye enanga? Twauliza hivyo kwa sababu ya mfano wa mbali.

Huko Senegal, zamani za utawala wa Kifaransa, palikuwa na chuo cha William Ponty, kilichowafunza walimu na makarani wa Afrika ya Magharibi. Masomo yalikuwa kwa Kifaransa. Lakini katika miaka ya 1930 wanafunzi waliagizwa kuandika, wakati wa likizo, mila na hadithi za makwao. Wakatunga michezo ya kuigiza: maneno kwa Kifaransa, nyimbo kwa lugha za wazazi wao. Mwaka 1933 waliigiza habari za Béhanzin, mfalme wa Dahomey. Agosti 1937 walicheza Paris.

Hatusahau kwamba wakubwa wa chuo walikuwa wakoloni, wala hawakukusudia kulea watu huru. Hata hivyo mbegu iliota. Keita Fodéba, aliyesoma hapo, aliunda kundi la ngoma lililosifika duniani, kisha akawa waziri katika Guinea huru.

Ikiwa waliotawaliwa waliweza, sisi tulio huru tuna udhuru gani? Tenzi za enanga za Wahaya, zenye visa vya mashujaa na wafalme, nyingi zimo vifuani mwa wazee, na wazee hawangoji. Twawasihi walimu watoe agizo likizo ijayo: kila mwanafunzi daftari moja, mzee mmoja. Mkataa kwao ni mtumwa.